Hitaji la Maombi

Mchungaji wetu ni kijana, na kama vijana wengi anapenda mambo yenye muda maalumu. Alinipa dakika kumi. "Mwalimu," alisema, "Jumapili simama uwaeleze watu ushauri wa Kikristo ni nini, kwa lugha rahisi, maana wengi wanadhani ni kuitwa ofisini kugombezwa." Nikasimama. Nilikuwa nimeandika maelezo kwenye daftari na kuyapigia mstari kwa kalamu nyekundu kama nilivyozoea. Dakika ya nne nikamwona mzee mmoja wa safu ya mbele amefumba macho, na haikuwa kwa sala. Dakika ya sita nikakaa. Nimefundisha shule za msingi za Temeke maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kushindwa na somo namna ile.

Kosa langu lilikuwa kutoa maana. Nilisema ushauri wa Kikristo ni kukaa na mtu mwenye shida ili asiachwe peke yake nayo, aitazame mbele za Mungu, kisha achukue hatua yake mwenyewe kwa miguu yake mwenyewe. Ni kweli, kila neno. Lakini maana haijawahi kumfundisha mtu kazi hii, hata mimi. Mimi nilijifunza kwa mama mmoja na kwa kosa moja, na Jumapili ile sikuthubutu kulitaja kosa hilo mbele ya kanisa zima. Nalitaja hapa.

Mama huyo alikuwa mwinjilisti. Kwa asiyejua, mwinjilisti ni mtumishi wa kanisa ambaye si mchungaji: anahubiri, anafundisha, anazika mchungaji akiwa safarini, na ndiye anayegongewa mlango kabla ya mtu mwingine yeyote. Wote tulimwita Bibi Mwinjilisti. Kwao ni Masasi. Aliishi Mtoni, kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyopakana na banda la wachonga vinyago. Marehemu mume wake alikuwa mmoja wao, na alipofariki wenzake waliendelea kuchonga pale pale, na bibi hakuwaondoa. Kwa hiyo kumbukumbu zangu zote za ushauri zina sauti ya patasi ndani yake, na vumbi la mpingo lililotua juu ya meza, juu ya Biblia, na wakati mwingine juu ya chai. Sasa banda limevunjwa, pamejengwa fremu za maduka. Nikipita pale huwa natembea haraka, maana nikisimama nitalia, na mtu wa umri wangu akilia barabarani Dar es Salaam watu wanamwitia bajaji.

Bibi Mwinjilisti hakuwa na ofisi. Mtu akija na shida yake hakuketishwa kwenye kiti na kuulizwa, "Haya, tatizo ni nini?" Aliambiwa, "Karibu, mwanangu. Hebu nisaidie mchele." Wanakaa kwenye mkeka, ungo katikati, wanachambua. Chuya huku, mawe kule. Dakika ya kwanza wanazungumzia mchele, kwamba wa mwaka huu una mawe mengi kuliko wa mwaka jana. Dakika ya kumi mtu anasema kile kilichomleta, macho yake yakiwa kwenye ungo.

Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa ufupi. "Mtu ukimtazama usoni anaanza kujitetea. Mwache atazame mchele."

Wanaume nao walikuja, na wao aliwapa maharage. Niliwahi kumkuta dereva mmoja wa malori ya bandarini, jitu la miraba minne, amekunja miguu mkekani anachambua maharage punje moja moja kwa vidole vinene, machozi yanamtiririka, na bibi anamwambia tu, "Hilo limetobolewa, litupe." Nilirudi kinyumenyume hadi nje. Majirani Waislamu walikuja pia, na hakuna aliyesilimu wala aliyebatizwa kwa ajili ya ule mchele. Nina hakika kuna kilo zilizochambuliwa mara tatu kwa wiki moja. Kama hapakuwa na wa kuchambuliwa, nadhani alikuwa anachanganya upya chuya zile zile, ingawa nilipomwambia hivyo alikana mchana kweupe.

Nilianza kwenda kwake kama msaidizi nikiwa na miaka arobaini na kidogo. Kanisa liliniteua kwa sababu eti nina busara. Ukweli ni kwamba nilikuwa na majibu, na watu huyachanganya hayo mawili. Ualimu una ugonjwa wake: ukiulizwa, unajibu, usipoulizwa, unajibu vilevile. Wiki zangu za kwanza mtu alikuwa hajamaliza kueleza nami nimeshampa mistari miwili ya Biblia na ratiba ya nyumbani. Bibi hakunikemea mbele ya mgeni hata siku moja. Alinisukumia ungo tu. Nilipokuwa na mchele mkononi nilisema kidogo kidogo.

Kitu kimoja alichonifundisha mapema ni kujua kipi si chake. Siku moja aliletewa mama kijana aliyejifungua wiki chache tu zilizopita, halali usingizi, anaongea peke yake, anamkataa mtoto. Wazee wa kanisa walishakaa mkao wa kukemea pepo. Bibi alimshika mkono, akamtazama kidogo, akasema, "Huyu anahitaji daktari leo hii. Maombi tutayafanya tukiwa njiani." Akajifunga kitenge, akampeleka hospitali mwenyewe, na akakaa naye siku mbili. Mama yule alipona, na wale wazee wakatoa ushuhuda kwamba pepo lilitoka. Bibi akacheka na kuwaacha na ushuhuda wao.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nilikuwa na jirani, mama wa watoto wawili, mshonaji, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mume wake alikuwa karani kwenye yadi moja ya makontena kule Kurasini. Watu watulivu, walinizidi kwa utaratibu ingawa niliwazidi kwa umri. Mchana mmoja yule mama alikuja kibarazani kwangu. Hakwenda kwa Bibi Mwinjilisti, alikuja kwangu, na sitasema uongo, hilo lilinipendeza. Alikaa muda mrefu akikunjakunja ncha ya khanga.

"Mwalimu, baba watoto hana kazi."

"Tangu lini?"

"Sijui hata. Juzi alisahau simu, nikampelekea Kurasini. Mlinzi akaniambia, sista, huyu mtu hayupo hapa mwezi wa tatu huu." Akaiachia khanga. "Na kila asubuhi mie nampigia pasi shati. Nampakulia chakula kwenye hotpoti. Anatoka saa moja asubuhi, anarudi jioni hotpoti tupu, ananiambia leo kulikuwa na meli kubwa. Hajui kama najua."

Alichokuja kuniuliza kilikuwa kimoja: amwambie mumewe kwamba anajua, au amwache aseme mwenyewe siku atakayoweza? Aliogopa kwamba akimwambia vibaya, mwanamume yule atavunjika, na hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Ndugu zake angewaambia, wangemdharau mume. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake yote, mumewe kudharauliwa. Nilimjibu, bila shaka. Nilijibu kwa nusu saa. Sikumbuki hata neno moja nililosema, ila nakumbuka alivyosimama mlangoni akasema, "Mwalimu, hili libaki hapa hapa." Nikamwambia limebaki.

Katika makanisa yetu kuna jumuiya. Ni familia za mtaa mmoja zinazokutana nyumba kwa nyumba kusoma neno na kuombeana. Yetu ilikutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenye shughuli zao. Naipenda jumuiya, na ile ya miaka ile naikumbuka kuliko ya sasa: viatu vimepangwa mlangoni, chai ya tangawizi inachemka uani, mabinti wanaimba sauti ya pili huku bado wana usingizi. Mwishoni kiongozi huuliza, "Kuna mahitaji ya maombi?" Mtu anataja mama yake mgonjwa, mwingine mtihani wa mwanawe. Na hapo hapo, kila Mkristo wa Dar es Salaam analijua hili, ndipo mambo ya watu yanapopita. Hakuna anayesema anasengenya. Anasema, "Tumkumbuke dada yetu fulani, anapita katika jaribu." Wote wanainama. Mtu mmoja au wawili wanatega masikio.

Asubuhi ile mimi ndiye niliyepewa kuomba. Yule mama hakuwepo, mtoto wake alikuwa na homa. Niliwaombea wagonjwa, nikawaombea wanafunzi. Kisha nikamkumbuka yeye, na nasema kweli mbele za Mungu kwamba moyo ulijaa huruma, sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nikaomba kwa sauti, macho nimeyafumba.

"Bwana, tunamleta kwako baba mmoja katika mtaa huu. Jina lake unalijua. Kazi imeisha, na ameshindwa kumwambia mwenzake. Kila asubuhi anavaa, anabebeshwa hotpoti lake, anatoka kama mtu aendaye kazini. Mpe ujasiri, Baba, aseme."

Nikasema amina. Watu hawakuitikia vizuri. Nikafumbua macho.

Alikuwa amesimama mlangoni, karibu na viatu. Alipita kusali kidogo kabla ya kwenda "kazini", na aliingia nikiwa katikati ya maombi. Shati limenyooka, pasi inaonekana hadi mikononi. Kiatu kimoja ameshakivua. Mkononi ameshika mfuko, na ndani ya mfuko kila mtu aliliona hotpoti.

Yule baba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana asifiwe." Akavaa kiatu chake, akafunga kamba, akatoka.

Nilikwenda kwa Bibi Mwinjilisti siku hiyo hiyo, na kitu cha kwanza nilichosema ni kwamba sikutaja jina. Nilisema hivyo mara tatu. Aliniacha nimalize.

"Ulimwombea au ulimtangaza?"

"Bibi, sikutaja jina."

"Jina ndilo kitu kidogo kuliko vyote alivyokupa," alisema. "Jina la mumewe mtaa mzima unalo. Alikupa shati, akakupa hotpoti, akakupa saa ya kutoka. Hivyo ndivyo hakuna mwingine aliyekuwa navyo."

Nilimkasirikia. Naona aibu kusema lakini nilimkasirikia kweli, maana nilikwenda kufarijiwa. Yeye alisema mambo kama yale yana jina, yanaitwa umbea uliookoka, na kwamba ni mbaya kuliko umbea wa kibarazani kwa sababu wa kibarazani angalau anayeusema anajua anafanya nini. Kisha akanipa mambo mawili. Niende kwa yule baba na kwa mkewe nikaombe radhi, na nisieleze. "Wewe mwalimu ukianza kueleza hutamaliza." Na kwa miezi mitatu nisiombe kwa sauti mbele ya mtu yeyote. "Mungu hana shida ya masikio," alisema.

Nikaenda. Yule baba alinipokea getini, akiwa amevaa fulana ya nyumbani, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Nikasema, "Nimekukosea, naomba unisamehe." Sikueleza, ingawa maelezo yalinijaa mdomoni. Alitabasamu.

"Hakuna shida, mwalimu. Yameshapita. Karibu chai."

Sikunywa chai. Mkewe hakutoka ndani. Nilirudi nyumbani nikijihisi mwepesi, hadi nikaimba wakati nafua. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia humu humu, na bado nikasahau kwamba kwetu "hakuna shida" inamaanisha lolote, hasa pale shida inapokuwa kubwa. Baada ya miezi miwili wakahama. Nilisikia walipata kiwanja Kibamba, na kwamba yule baba alipata kazi nyingine, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mkewe hakuja kuniaga. Kwa miaka mingi, kila niliposikia cherehani mahali popote niligeuka.

Bibi Mwinjilisti alinilea baada ya hapo miaka mingine sita. Sikuwahi kuwa kama yeye, ila nilipunguza mdomo. Nilijifunza kuuliza swali moja na kungoja. Nilijifunza kwamba mtu akikuuliza, "Nifanye nini?", mara nyingi ameshajua, anataka shahidi tu. Nilijifunza kumaliza mazungumzo kwa kumuuliza mtu kama anataka tuombe, na akisema hapana, basi ni hapana. Bibi alipofariki tulimsafirisha kwao, na wachonga vinyago walifunga banda siku tatu. Sauti ya patasi ilipokosekana ndipo nilipojua kweli amekufa. Mara nyingi nimetaka kumwambia jambo fulani, nikakumbuka. Hasa lile lililotokea mwaka jana.

Mwaka jana simu ililia, namba ngeni.

"Shikamoo, mwalimu. Ni mie, yule mama mshonaji. Unanikumbuka?"

Nilimwambia marahaba, na namkumbuka. Akaniomba niende Kibamba Jumapili baada ya ibada. Hakusema kwa nini, na mimi, kwa mara moja maishani, sikuuliza.

Nyumba yao ni ya matofali, haijapigwa plasta upande mmoja, ina banda la kuku nyuma na michungwa mitatu. Yule mama amenenepa kidogo, nywele zina mvi pembeni. Tulikaa nyuma ya nyumba kwenye viti vya plastiki. Mumewe, alisema, ametoka kidogo kufuata chakula cha kuku.

"Siku ile ya maombi," akaanza, "alirudi jioni na hotpoti limejaa. Ndiyo mara ya kwanza. Akaliweka mezani, akaniuliza, nani alimwambia mwalimu?"

Alichonieleza ni hiki. Aliogopa. Mumewe alikuwa na rafiki pale Kurasini, mkubwa kwake kidogo kwa umri, aliyemfundisha kazi ya ukarani tangu akiwa hajui hata kusoma namba za kontena. Walikuwa kama ndugu. Jina la yule rafiki ndilo lililomjia kwanza, kwa sababu alikuwa mtu pekee wa karibu ambaye lazima alijua kwamba kazi imeisha. Akalitaja. Alidhani hasira zitakaa wiki, zitapita. Mumewe hakusema neno. Ila tangu siku ile hakumsalimia tena yule rafiki. Alipopiga simu hakupokea. Alipokuja nyumbani aliambiwa hayupo. Binti yao mkubwa alipoolewa, kadi zilikwenda kwa watu hadi wa Kawe wasiowajua vizuri, na kwa yule hakuna kadi iliyokwenda.

"Miaka kumi na moja, mwalimu. Na juzi nimekutana naye Kimara. Ameniuliza, mama, hivi mie nilimkosea nini ndugu yangu? Nikamwambia sijui." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikimwambia baba watoto ukweli, atajua nimemfanya amtupe mtu bure, na nimemdanganya siku zote hizi. Nisipomwambia, wale watakufa hivyo hivyo. Nifanyeje?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, zuri, limekamilika. Nililimeza. Nikamuuliza swali moja tu, anaogopa kipi zaidi kati ya hayo mawili. Halafu nikangoja, na kungoja kule kulikuwa kazi ngumu kuliko darasa la watoto themanini.

Kuku walikuwa wanaparuza chini ya mchungwa. Baada ya muda mrefu akasema, "Akirudi nitamwambia. Ila usiondoke."

Alirudi na gunia begani. Aliponiona alisimama kidogo, akalitua gunia, akanisalimia kwa heshima zote, akavuta kiti. Mkewe hakumpa hata nafasi ya kunywa maji. Alimwambia lote, haraka, akitazama mikono yake. Kwamba ni yeye aliyeniambia. Kwamba yule rafiki hakusema kitu.

Yule baba akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua siku ile ile. Yule mie nilimwambia kazi imeisha na mke wangu anajua, napumzika nyumbani. Habari ya kutoka na hotpoti asingeweza kuijua. Ulikuwa unaijua wewe tu."

Mkewe akamtazama kama mtu aliyeamshwa. "Sasa kwa nini humsalimii?"

"Ningemsalimia ungejua nimejua." Alisema polepole, akichagua. "Ungekaa na mimi kwa aibu. Nikaona heri nimkose yeye." Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonifanya nimheshimu, "Na kusema ukweli, kumkasirikia yeye kulikuwa rahisi. Wewe ningekukasirikia ningekula wapi, ningelala wapi? Nilimtupia yeye yote. Mtu wa watu."

Yule mama alisimama, akaingia ndani. Tukasikia bomba limefunguliwa, maji yanatiririka muda mrefu bila kujaza chochote. Baadaye akatoka na macho mekundu na simu mkononi, akaiweka mapajani kwa mumewe, namba ya yule rafiki tayari iko kwenye kioo. Yule baba hakuipiga. Alisema jambo kama lile halisemwi kwa simu, ataenda mwenyewe kesho. Mkewe akasema wataenda wote. Mimi hawakuniomba niende, na safari hii sikujipendekeza.

Nikaona kazi yangu imekwisha, nikanyanyuka, nikaning'iniza mkoba begani. Ndipo yule baba aliponigeukia.

"Na wewe, mwalimu."

"Naam, baba."

"Siku ile ulipokuja getini nilikwambia hakuna shida. Nilikudanganya. Shida ilikuwepo."

"Najua."

"Hujui," alisema, bila ukali wowote. "Kaa nikwambie."

Nikakaa. Mambo yao yote niliyoyaandika hapa juu wao wawili wameniruhusu kuyaandika. Niliwasomea kwanza, na yule mama akanisahihisha mahali pawili. Lakini yale yule baba aliyoniambia pale chini ya mchungwa, tangu saa nane hadi jua lilipolala, mimi nikisikiliza bila kufungua mdomo, hayo hayamo ndani ya ruhusa. Yamebaki hapa hapa.